Picha ya Ukuta wa Tsigereda

Baba alitaka picha moja tu, ya ukuta.

Nyumba yenyewe haikuwa na cha kupigiwa picha: vyumba viwili vya miti na udongo, bati lenye kutu, jiko la nje. Alichokitaka ni pale kando ya mlango, mkono wa kulia ukitoka, mahali mama alipokuwa akikaa kwenye kigoda chake kuchambua dengu au kukaanga kahawa, bega lake limeegemea ukuta. Aliegemea hapo miaka thelathini na mmoja. Kila Mwaka Mpya, mvua zikikatika, alipaka ukuta rangi upya, na kila mwaka bega lake liliila ile rangi. Mwishowe pakawa na duara laini la ukubwa wa sahani, rangi ndani ya rangi: kijani, kisha buluu, kisha njano, kisha chokaa ya mwaka waliooana, na katikati kabisa udongo mtupu, unang'aa kama uliopakwa mafuta.

Mama yangu, Tsigereda, alifariki miaka miwili nyuma. Mwaka huu nyumba za mtaa wetu ziliwekewa alama nyekundu ili zipishe barabara, nasi tukapewa chumba kwenye magorofa ya mwisho wa mji, ghorofa ya nne, kule ambako upepo hauna wa kuuzuia. Na mambo hayo yakiwa hayajatulia, macho ya baba yakaanza kufa. Daktari alisema ni presha ya macho na kwamba tumechelewa. Jicho la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilibaki na upenyo kama tundu la ufunguo, nao ungeziba kabla ya mvua kubwa.

"Picha ya karatasi, kubwa," baba aliniambia. "Nikiisogeza karibu na dirisha nitaiona. Hizo simu zenu zinanichoma macho."

Simu yenyewe sikuwa nayo. Iliibwa kituo cha basi mwezi mmoja kabla, na picha zote ndani yake, nikawa natumia kisimu cha vitufe. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu mwaka uliopita, somo la historia, na kazi nilikuwa bado naitafuta. Siku moja nilimshauri tukate kile kipande cha ukuta twende nacho. Alikigusa kwa ukucha, udongo ukamwagika kama unga.

"Ukuta wa udongo haukatwi, Beza," alisema. "Ukiukata unabaki na vumbi."

Baba, Wubshet, alikuwa mpiga picha tangu akiwa na miaka kumi na tisa. Kamera yake ya kwanza hakuwahi kuiuza: kasha la mbao, tumbo la ngozi linalokunjuka na kukunjana, kitambaa cheusi cha kujifunika, na miguu mitatu mirefu kuliko mimi. Filamu yake haiuzwi tena madukani. Tulizunguka sokoni siku nzima mpaka tukampata mtu anayeuza mabaki ya studio zilizofungwa, viti vya kuzunguka na mapazia yenye picha za maporomoko ya maji. Chini ya bati lake lenye joto la tanuri alikuwa na boksi moja dogo la filamu za vipande, kila kipande picha moja, halijafunguliwa.

Baba alilishika, akalinusa pembeni. "Soma mwisho wake ni lini."

Maandishi yalikuwa madogo. Nikasoma: "Mwezi wa nane, elfu mbili na kumi na sita."

"Mwezi wa nane." Alihesabu kwa vidole. Tulikuwa mwezi wa sita, Yekatit, mwaka 2016. "Tuna miezi miwili. Inatosha kabisa."

Jumatatu mashine ya kubomoa ingekuja. Jumamosi tukaenda na kamera.

Nusu ya mtaa ilikuwa tayari chini. Majirani walishahama, na njia yetu, ambayo zamani hakupita mtu asiye na shangazi ndani yake, ilikuwa imegeuka kuwa mkato wa watu wanaokwenda barabara mpya. Walipita wageni tupu, na viroba, na mabeseni, na watoto mgongoni. Baba hakuwajali. Alijali jua. Kati ya saa tatu na saa nne kasorobo jua lilipiga ule ukuta kwa ubavu na kila mkwaruzo ukaonekana. Likipanda zaidi duara linazama, unabaki ukuta tu.

Kwa vile hakuweza kuona vizuri kuinoa picha isitoke na ukungu, alitumia kamba kupata umbali. Ilikuwa kamba yake ya ujana, yenye mafundo, na kila fundo lilikuwa na alama yake kwenye reli ya kamera. Yeye alishika ncha moja kwenye lenzi, mimi nikaenda na ncha nyingine hadi ukutani, nikasema, "Fundo la tatu, na kiganja kimoja."

Hapo ndipo mwanamke mmoja aliposimama nyuma yetu. Alikuwa amejifunga netela, shuka lake jeupe jepesi, kiunoni kama mtu aliyekatizwa kazi, na kwapani ana faili la plastiki.

"Fundo la tatu ndiyo nini?" aliuliza. "Mnapima mpaka wapi leo?"

"Hatupimi, mama," nilisema.

"Usiniite mama. Juzi mlikuja na ile mashine yenu ya njano ya kupimia, mkasema mstari unaishia kwenye nguzo ya umeme. Nyumba yangu iko nyuma ya nguzo. Karatasi hizi hapa. Nimelipa pango la kebele, kwenye ofisi ya mtaa, miaka ishirini na sita, sijakosa mwezi." Alikuwa ameshafungua faili. "Sasa leo mmekuja na kamba. Mstari ukihama usiku, unarudi na kamba asubuhi."

Watu wawili watatu wakasimama, kisha kumi.

"Ni injinia huyo," alisema kijana mmoja mwenye kiroba cha vitunguu begani. "Hamuoni miguu mitatu?"

"Injinia mzee hivyo?"

"Hao ndio hatari. Wanawatoa kwenye pensheni kwa kazi maalumu."

Baba alikuwa ameingia chini ya kitambaa cheusi, hasikii vizuri.

"Na mtazame," alisema yule mwanamke. "Mtu anayepima kwa haki anajifunika uso?"

Niliogopa. Sauti zilikuwa zimeanza kupanda, mtu mmoja akaushika mguu wa kamera kama wa kuku anayetaka kumpima uzito. Nilimvuta baba shati. Alitoka kwenye kitambaa, nywele zake nyeupe zimesimama, akageuza kichwa taratibu kumtafuta mwenye sauti kwa kile kijitundu cha jicho lake.

"Dada yangu," alisema, "mimi ni mpiga picha. Nyumba hii ni yangu mimi, si yako. Keshokutwa haipo. Nimekuja kuipiga picha, basi."

Yule mwanamke aliitazama kamera toka juu hadi chini.

"Kamera gani inavaa sketi?"

Watu wakacheka, na mkono uliokuwa kwenye mguu wa kamera ukaachia. Mwanamke hakucheka mara moja. Alizirudisha karatasi zake moja moja kwenye faili kwa mpangilio ule ule, ndipo akasema jina lake ni Fantaye, na kwamba moyo wake tangu mwezi uliopita unaruka hata akisikia paka mlangoni.

Tulidhani tumemaliza. Lakini hofu ilipowatoka, wakaingiwa na hamu. Mzee mmoja aliyevaa koti la jeshi la zamani alipita akasimama mbele ya lenzi, akafunga kishikizo cha shingoni, akasubiri. Baba aliinama kuingia chini ya kitambaa. Kwetu mtu mzima akikuinamia, humwachi hivi hivi. Mzee naye akainama. Baba akatoka kuona ni nini kimemzibia, mzee akainuka. Baba akainama tena kurudi, mzee akainama tena, chini zaidi, kama aliyetuhumiwa kuwa na kiburi. Waliinamiana mara tatu, mpaka Fantaye akamshika mzee mkono.

"Gashe, mzee wangu, hakusalimii wewe. Anaisalimia kamera."

"Basi angesema," alijibu mzee, akatoka kwenye jua huku anakung'uta koti. "Zamani ilikuwa birr moja, na picha unaipata ukiwa bado unamsubiri mkeo anunue vitunguu."

Wakaja wasichana watatu wa saluni, aproni nyekundu zimewatapakaa rangi za nywele, simu mikononi. Hao hawakutaka kupigwa picha. Walitaka kumpiga picha baba.

"Gashe, tazama huku kidogo. Jamani, mcheki alivyo."

"Memori kadi inaingilia wapi?"

"Inaingilia mfukoni kwangu," baba alisema kutoka kwenye kitambaa.

"Inahitaji chaji?"

"Inahitaji mahindi ya kuchoma, kama mimi."

Walifurahi sana. Wakapanda kwenye kizingiti chetu ili wampate vizuri kwa mbele, yeye na kamera na watu wote, na mmoja wao, aliyejiita Meklit, akaegemea ukuta ili mkono usitetemeke. Mimi nilikuwa nimeshika kamba. Niliangalia kivuli cha paa, kimebakiza viganja viwili kufika kwenye duara.

"Beza," baba aliita. "Kuna kitu kimeziba."

"Ni wasichana, baba. Wanakupiga picha."

"Waambie watoke polepole. Wasisugue."

Niliwaambia, lakini kwa sauti yangu ya kuomba, ambayo haijawahi kumwondoa mtu mahali. Fantaye ndiye aliyewaondoa. Aliwapungia faili kama anayefukuza kuku kwenye mtama.

"Shukeni hapo. Macho mnayo, masikio hamna?" Walipokwisha kushuka akanigeukia. "Na wewe niambie. Anapiga nini? Mimi naona ukuta mtupu."

Nikamwambia. Sikusema mengi: kigoda, kahawa, bega, miaka thelathini na mmoja. Alikwenda akasimama mbele ya duara. Alinyoosha kidole, akakirudisha bila kugusa. Kisha akavuta ncha ya netela akafunika mdomo, kama tunavyofanya mlangoni kwenye msiba, akatoka kwenye jua akawageukia wale watu.

"Asipite mtu hapa," alisema. "Mke wake yupo pale."

Sijui walielewa nini. Lakini watu wapatao ishirini, ambao nusu saa nyuma walitaka kuivunja ile kamera, walisimama. Yule wa vitunguu alishusha kiroba. Mzee wa koti la jeshi alivua kofia. Baba aliingiza kibebeo cha filamu, akashika kifuniko cha lenzi kwa vidole viwili, akakitoa, akahesabu kwa sauti.

"Moja. Mbili. Tatu." Akafunika.

Alipiga vipande vinne, maana vibebeo vilikuwa viwili na kila kimoja kilibeba viwili. Kwenye kipande cha tatu nilisikia watu nyuma yangu wakihesabu naye chini kwa chini. Kwenye cha nne, hata wasichana wa saluni walihesabu. Kisha kivuli kikafika kwenye duara, na baba akasema, "Imetosha. Mungu awape afya," na kila mtu akaenda zake.

Njiani, ndani ya basi, alikuwa ameipakata kamera na anatabasamu peke yake. Sijawahi kumwona na furaha ile tangu mazishi. Nilijiambia watu ni wema, ila hofu ndiyo inawafunika, na ukiwaeleza jambo kwa upole watasimama upande wako. Bado naamini hivyo.

Jumatatu hatukwenda kuangalia. Fantaye, niliyemwachia namba yangu, alipiga simu saa tatu akasema imekwisha, haikuchukua hata dakika kumi.

Jumatano mchana tuliziba mlango wa bafu la ghorofani kwa mablanketi, tukapanga mabakuli matatu ya dawa sakafuni. Mwenye studio mmoja, rafiki yake wa zamani, ndiye aliyetupa dawa. Filamu ile haivumilii taa ya aina yoyote, hata nyekundu. Ndani ya giza baba alikuwa mwepesi, na mimi ndiye niliyekuwa kipofu. Nilisikia vidole vyake vikitelezesha vipande kwenye dawa, akihesabu, akinung'unika wimbo wa kanisani, akiniambia nisogeze goti. Baada ya bakuli la mwisho akasema, "Washa."

Niliwasha.

Vipande vyote vinne vilikuwa vyeusi. Si kwamba picha ilikuwa hafifu. Nilikiinua kimoja kwenye balbu, kikawa kama kigae cha chupa ya bia: mwanga kidogo wa kahawia unapita, na ndani yake hamna mstari, hamna mlango, hamna kitu. Nikainua cha pili. Nikainua cha tatu.

"Ametoka?" baba aliuliza. Hakusema "imetoka."

Niliwaza kumdanganya. Nilikuwa na muda wa kuwaza hivyo, kwa sababu alinipa. Alisubiri, uso ameuelekeza kwenye bomba. Ningeweza kumwambia duara lipo, mikwaruzo ipo, na kwamba karatasi ya kuchapia imekosekana. Angeniamini mpaka jicho lizibe.

"Ni vyeusi, baba. Vyote."

Alinyoosha mkono nikampa. Akakisogeza kimoja mbele ya jicho la kushoto, juu, chini. Akakinusa.

"Hii imeungua na joto miaka," alisema. "Si miezi. Lete boksi."

Nililileta.

"Soma tena."

"Sifuri nane, elfu mbili na kumi na—"

"Imeandikwa kwa lugha gani, Beza?"

Ilikuwa lugha ya wazungu. Mwaka wa kalenda yao, si wa kalenda yetu. Sisi tuko nyuma yao miaka saba, na katika miezi mingine ya mwaka, miaka minane. 2016 yetu ndiyo kwanza tulikuwa ndani yake, 2016 yao ilikuwa imeshapita, na filamu ile ilikuwa imekaa chini ya bati la sokoni tangu nikiwa sekondari. Na mimi nilisoma historia miaka minne. Katika tasnifu yangu, kila tarehe niliiandika mara mbili, yetu na yao, kurasa tisini na tatu, na mwalimu alinisifu kwamba sikukosea hata moja.

Nilikaa sakafuni kati ya mabakuli nikalia. Baba alipapasa mpaka akapata kichwa changu.

"Mimi nilikuuliza mwezi," alisema. "Mwaka sikuuliza. Ningeuliza mwaka, ungenijibu."

Siku mbili zilizofuata hakulalamika, ila hakula. Alikaa karibu na dirisha, uso ameuelekeza nje ambako hakuna kitu ila magorofa mengine. Ijumaa nilirudi mtaani. Mahali pa nyumba yetu palikuwa pamezungushiwa mabati. Fantaye alikuwa mlangoni kwake, nyuma ya nguzo ya umeme, anatandaza pilipili juani.

"Ametoka?" aliniuliza, naye hivyo hivyo.

"Hakutoka."

Aliacha pilipili, akakaa chini kwenye mkeka, akanivuta nikae. Kisha akasema, "Wale wasichana wa saluni walipiga na simu. Wako pale kwenye kona ya duka la dawa. Nenda."

Nilikimbia. Meklit alikuwa anasuka mtu, hakuweza kuacha, akanipa simu yake niangalie mwenyewe. Zilikuwa picha kumi na nne.

"Nilizirusha mtandaoni," alisema. "Watu wamempenda huyo babu, acha tu."

Baba chini ya kitambaa. Baba na nywele zimesimama. Mkono wa baba na kifuniko cha lenzi. Mzee wa jeshi ameinama. Fantaye na faili lake. Nyuma yao kifusi, nguzo, anga. Nilizipitia zote, nikarudi mwanzo, nikazipitia tena.

"Huna hata moja ya upande wa pili? Ya ukuta?"

"Ukuta gani?"

"Uliokuwa nyuma yako."

Meklit alisimamisha vidole kwenye nywele za mteja. "Ule niliuegemea tu," alisema. "Sikuugeukia." Akafikiri, akajigusa bega. "Ulinichafua blauzi, tena. Vumbi la kijani, hapa. Nimeshaifua."

Hakujua alichosema, nami sikumweleza. Niliomba anitumie picha moja kwenye duka la kuchapa lililo jirani, ile inayomwonyesha baba mzima, na nikaichapisha kubwa kadiri ya pesa niliyokuwa nayo.

Nilifika nyumbani saa kumi. Baba alikuwa palepale. Nilimwambia kabla ya kumpa, ili asianze kuutafuta. "Si ukuta, baba. Haumo. Ni picha waliyokupiga wewe."

Aliipokea. Aliisogeza mbele ya jicho la kushoto kidogo kidogo, kutoka kona hadi kona, kama mtu anayefuata mstari wa maandishi kwa kidole. Ilichukua muda mrefu.

"Huyu mwenye kitambaa ni mimi."

"Ni wewe."

"Aliyepiga alikuwa amesimama wapi?"

"Mlangoni. Alikuwa ameegemea pale."

"Pale penyewe?"

"Pale penyewe, baba."

Akaigeuza picha, juu chini. Kwenye kioo cha kamera yake kila kitu husimama kichwa chini, na macho yake yamezoea kuona watu hivyo kwa miaka hamsini. Akaibandika karibu kabisa na kioo cha dirisha, akaisogeza tena, polepole zaidi.

"Nimepinda mgongo," alisema. "Mama yako hakuwahi kuniambia."

Kisha, bila kuiondoa picha kwenye kioo, akaniuliza jua limefika wapi.